Paka Waliorithi Mtaa wa Kaisari

Ukifika Roma, usikimbilie Vatikani tu. Shuka pale Largo di Torre Argentina, katikati ya jiji. Kuna shimo kubwa lenye magofu ya mahekalu manne, na hapohapo, kwenye ukumbi wa Pompey, ndipo Julius Caesar alipochomwa visu mwaka 44 K.K. Leo wenye mtaa ni paka!

Wamejilaza juu ya nguzo zilizokatika, wanaota jua, hawana habari na mtu. Magofu yalifukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, paka wasio na kwao wakahamia bila kupiga hodi. Akina mama wa mjini, wenyewe wanawaita gattare, wakawa wanawaletea msosi. Miaka ya 1990 wakaanzisha kituo cha kuwatunza, kulekule shimoni. Kazi ni ya kujitolea, mshahara hakuna. Paka akiletwa anatibiwa, anafungwa uzazi, kisha anatafutiwa mtu wa kumchukua. Vipofu na wenye miguu mitatu wengi hubaki, na hao ndio mastaa!

Basi mwaka 2012 wakubwa wa mambo ya kale wakaja juu: kituo kifungwe, kimejengwa kwenye magofu bila kibali. Kusema kweli, hoja wanayo, gofu likiharibika ndiyo basi tena. Lakini sheria ya Italia ya mwaka 1991 inawalinda paka wa mitaani, sasa wangepelekwa wapi? Mji ukachachamaa, kituo kikabaki. Tangu Juni 2023 watalii wanapita humo kwa njia maalumu, na paka wanawakatiza mbele kama hawawaoni vile.