Upepo wa Mafinga ulinitoa jasho!

Msomaji wangu, mtu akikuambia upepo ni upepo tu, mlete kwangu. Mimi nilikuwa na akili hizo hizo mpaka Septemba iliyopita, nilipokaribia kumtia shangazi yangu umaskini.

Nilipanda basi Mbeya alfajiri, baridi ya Uyole ikining'ata masikio. Kufika Igurusi na Chimala nikavua sweta, maana Usangu kuna joto lake. Tulipopanda kuelekea Makambako, sweta likarudi mwilini. Pale stendi upepo unakupokea kabla ya wapiga debe. Kofia yangu iliondoka kichwani bila kuaga, ikaishia chini ya lori la mbao. Wenyeji wakacheka tu.

Mchana nikawa kijijini kwa shangazi, nje kidogo ya Mafinga, mkoani Iringa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia na kuniongezea "kamwene" ya Kihehe. Shangazi ana ekari mbili za misindano, wengine huita paina. Huko miti ndiyo benki: unapanda leo, mwanao anakuja kusomea. Jirani na miti kuna shamba la mahindi, na kazi niliyoitiwa ni kuchoma mabua. Kibali cha kijiji kilikuwapo, na barabara ya kuzuia moto ilishalimwa.

Shangazi akataka tuanze saa 12 asubuhi. Mimi na usingizi wangu wa mjini nikajitia mtaalamu. "Shangazi, redioni wamesema upepo kilometa 20 kwa saa. Huo si mwendo wa baiskeli tu?"

"Haya mwanangu, lakini redio haiuoni ule mlima."

Nikabisha mpaka akachoka. Tukawasha saa sita mchana.

Moto ulianza kwa adabu. Mara upepo ukaja kwa mkupuo mmoja, kama mtu kakupiga kikumbo. Moto ukalala chini, cheche zikaruka barabara tuliyolima, nyasi za upande wa misindano zikashika. Jamani! Majirani walikuja mbio, tukaupiga moto kwa matawi mabichi mpaka mikono ikachubuka. Tuliuzima, ila mistari miwili ya miti ilikuwa imekwenda.

Niliporudi Mbeya nikaanza kuuliza wanaojua. Kumbe zile kilometa 20 zilikuwa za Pwani! Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja upepo wa pwani kwa ajili ya watu wa baharini, mimi nikauhamishia Mafinga.

Halafu, hata ungekuwa wa kwetu, kasi inayotajwa ni wastani. Wataalamu hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, wakachukua wastani wa dakika 10. Mkupuo wa sekunde tatu tu unaweza kuuzidi wastani huo kwa mbali, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma inakuwa mara nne. Mchana ndiyo balaa zaidi, kwani jua hupasha ardhi, hewa inavurugika, na upepo mkali wa juu unashushwa chini. Asubuhi huwa kumetulia. Shangazi alijua hayo bila kipimo.

Tena Mufindi upepo si wa kubahatisha. Mwaka 2020 mitambo ya umeme wa upepo ya Mwenga, megawati 2.4, ilianza kazi huko huko.

Siku ya kuondoka shangazi alinifundisha kipimo chake: tazama vilele vya miti ya mlimani. Vikianza kuinama wakati hapo ulipo kumetulia, usiwashe hata kiberiti.

Nimemtumia hela ya miche, ataipanda mvua zikianza. Mpaka leo hajanikaripia hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa hiyo msomaji wangu, redio sikiliza, lakini kabla ya kuwasha moto muulize mwenyeji.