Picha ya Harusi ni Amana

Mwalimu wangu wa upigaji picha alifanya kazi Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini, na picha zake bora siwezi kumwonesha mtu yeyote. Si kwamba zimepotea. Zimo katika makabati na masanduku ya familia alizozihudumia, pamoja na mikanda ya negativu, kwani alikuwa akikabidhi kila kitu siku ya malipo. Alipofariki hatukukuta kwake hata picha moja ya bibi harusi.

Picha ya heshima si jambo geni visiwani kwetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Lakini shughuli za wanawake, yaani kutiwa hina na piko, kusingwa liwa, na siku ya kupambwa bibi harusi, hazikuwa mahali pa mpiga picha mwanamume. Humo ndimo mwalimu wangu alimopata riziki yake, na humo ndimo aliponiingiza nikiwa msichana wa kumbebea taa.

Wapo wanaouliza kama kazi hii yafaa. Maulamaa wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliijuzisha picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa, si kuunda umbo jipya. Wengine hawakuikubali hoja hiyo. Mwalimu alifuata kauli ya wanaojuzisha, ila akiongeza sharti lake: ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kuonesha. Aliishikilia aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Kwake yeye, sura ya mwanamke aliyevua buibui mbele ya wanawake wenziwe ilikuwa amana sawasawa na dhahabu iliyowekwa kwa jirani.

Sharti hilo lilimgharimu. Filamu za rangi zilikuwa zikisafishwa kwa mashine za madukani, na mashine huendeshwa na watu. Kwa hiyo upande wa wanawake aliupiga kwa filamu nyeusi na nyeupe, akaisafisha mwenyewe usiku: mkanda katika giza totoro, karatasi chini ya taa nyekundu, dawa ya kwanza kuitokeza sura, ya pili kuikaza, kisha maji mengi. Wateja waliotaka rangi walikwenda kwingine, naye hakuwalaumu.

Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, basi alinifunza kutazama kabla ya kubonyeza. Bibi harusi aliyekaa kwa saa nyingi huchoka. Msogeze karibu na dirisha, mpe maji, mwache apumue, ndipo upige. Bibi mzee asiombwe kusimama. Piga goti wewe, kamera ilingane na macho yake, maana ukimpiga kwa juu unamdunisha. Mikono yenye hina isifichwe, kwani kuna mtu aliyekesha akiichora. Hadi leo, nikiingia nyumba ya watu, nautafuta mwanga wa dirisha kabla sijafungua mkoba.

Zama zimebadilika, na wasia wake umekuwa mgumu zaidi kuutekeleza. Picha iliyofutwa katika kadi ya kamera mara nyingi huweza kurudishwa na fundi, mpaka nyingine iandikwe juu yake. Simu nyingi hupeleka nakala mtandaoni zenyewe, mwenye simu hana habari. Ndiyo maana shughuli za wanawake sizipigi kwa simu, na kadi yenyewe naiuza pamoja na picha. Mama wa bibi harusi hutia saini katika daftari kwamba amepokea kadi, na mimi hutia saini kwamba sikubakiwa na nakala.

Miaka michache iliyopita, mwenye ukumbi mmoja alitaka kunipa harusi zote za Mfungo Mosi, kwa sharti kwamba kila wiki nimpatie picha ya bibi harusi mmoja kwa ajili ya matangazo yake. Nilikataa, akampa mwingine. Msimu ule nilipiga picha za pasipoti na za watoto wa chuoni, na kodi ya chumba niliilipa kwa kubanana. Hakuna aliyekuja kunifidia. Hata hivyo, yapo majina katika daftari langu ambayo, nikiyasoma, moyo wangu unatulia.

Ndugu msomaji, kabla ya kupanga bei na mpiga picha wa harusi ya binti yako, muulize mambo matatu: nani ataingia upande wa wanawake, picha zitashughulikiwa wapi, na nini kitabaki mkononi mwake baada ya shughuli. Akiona maswali hayo ni usumbufu, umekwisha kupata jibu. Nawe uwaombe wageni waache simu zao mlangoni, kwani uaminifu wa mpiga picha mmoja hautoshi palipo na kamera mia.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wangu, na amsitiri kama alivyowasitiri watoto wa watu. Amin.