Nilidhani mdogo wangu anakwepa hesabu, kumbe breki ilikuwa inaongea

Leo naomba tuweke pembeni mambo ya vitenge na nywele, niwaletee kisa changu mwenyewe. Ni cha pikipiki. Akina dada msikimbie, maana wengi wetu tuna chombo barabarani kwa mkataba na hatujui hata mafuta ya breki yanawekwa wapi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kwetu ni Nyanungu, kule Tarime. Nilimnunulia mdogo wangu pikipiki kwa mkataba: kila siku analeta elfu 8, Jumapili anapumzika, na muda ukiisha chombo kinakuwa chake. Mimi naishi Mwanza, kwa hiyo hesabu ilikuwa inaingia kwenye simu. Miezi ya mwanzo hakukosa hata siku moja.

Baadaye zikaanza simu. "Dada, breki ya mbele imekuwa laini, nikiibana inaenda mpaka inagusa usukani." Wiki iliyofuata: "Dada, mpira wa breki umechanika, mafuta yanavuja. Naomba hesabu ya siku tatu ninunue mwingine." Nikamwambia hesabu kwanza, breki tutaongea baadaye. Kuna shoga yangu mmoja mwenye pikipiki tatu alikuwa ameshanijaza maneno: "Dereva akianza habari za breki ujue kapata mchumba." Tukacheka sana siku hiyo.

Mdogo wangu akanyamaza. Elfu 8 ikaendelea kuingia kila jioni, na mimi nikajiona nimeshinda.

Desemba nikaenda nyumbani kumwona mama. Akanipokea Tarime mjini, tukafunga begi na mfuko wa sukari, safari ikaanza. Alikuwa anaenda taratibu mno mpaka nikaanza kulalamika. "Mura, tutafika lini?" Hakujibu. Kwenye mteremko mmoja wa kifusi, ng'ombe wakatoka kwenye kichaka wakaingia barabarani. Nilimwona akibana mkono wa breki, na nilimwona ukilala kwenye usukani kama hauna kazi. Akakanyaga ya nyuma, akashusha gia, tairi likateleza, tukaingia kwenye shamba la mahindi la watu.

Mungu mkubwa. Mimi goti, yeye kiwiko, sukari yote chini. Aliinuka, akaniuliza kama nimeumia, akaanza kuokota mizigo. Hakunilaumu hata kidogo, na hicho ndicho kilichoniuma. Kumbe karibu miezi miwili alikuwa anabeba watoto wa shule, wajawazito na mama zetu kwa breki ya nyuma peke yake, ili mimi nisikose elfu 8 yangu.

Kesho yake nikatoa hela. Tukanunua mpira mpya, chupa ya mafuta ya breki na washa nne za shaba, tukaenda kwa mzee mmoja fundi pale Kegonga. Mzee alitutazama akasema mgongo unamuuma, atakaa kwenye kigoda na sisi ndio tutafanya. Nadhani alishaambiwa habari zetu.

Sasa nawapa somo kama nilivyolipata. Bodaboda nyingi breki zake zinavutwa kwa waya au fimbo ya chuma. Zenye diski mbele, kama ya kwetu, zinatumia mafuta. Ukibana mkono, mafuta yanasukumwa ndani ya mpira mpaka kwenye kalipa, na kalipa inabana pedi kwenye diski. Mafuta hayakubali kugandamizwa, ndiyo maana nguvu ya vidole inafika gurudumuni. Upepo unagandamizika. Mpira ukichanika mafuta yanatoka na upepo unaingia, halafu unabaki unabana upepo tu.

Tulifungua mpira wa zamani juu na chini. Kila upande unashikwa na bolti yenye tundu katikati, na kila bolti ina washa mbili za shaba, moja huku na moja huku. Za zamani hazirudishwi. Tank tuliifunika kwa kitambaa, maana mafuta ya breki yanakula rangi. Mzee akasema pia tusidondoshe hata tone kwenye diski au pedi.

Kisha kutoa upepo, na hapa ndipo penyewe. Tulijaza kikopo cha pale kwenye usukani. Kwenye nipo ya kalipa tukachomeka kimpira cheupe, ncha ya pili ikazama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mimi nikakaa kwenye mkono wa breki, mdogo wangu chini na spana namba 8. "Bana." Nikabana polepole. "Shikilia." Akafungua nipo robo mzunguko, mafuta yakatoka na mapovu, mkono ukazama. Akafunga. "Achia." Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi ndani, mnaanza upya. Nililiharibu hilo mara mbili.

"Dada, usiachie mpaka niseme."

Wapendwa, tangu azaliwe mimi ndiye ninayemwambia la kufanya. Siku ile nilisubiri neno lake karibu saa nzima. Kikopo kikipungua tunaongeza kabla hakijakauka. Mzee akatuambia tugonge kalipa na mpira taratibu kwa mpini wa bisibisi ili mapovu yapande. Mwisho yakatoka mafuta matupu, na mkono ukawa mgumu kama jiwe. Tukafunga kikopo, tukabana kwa nguvu kuangalia kama kuna panapovuja, tukajaribu kwanza kwa mwendo wa kutembea.

Mafuta yenyewe msiokoteze. Kwenye mfuniko wa kikopo pameandikwa DOT 3 au DOT 4, fuata hapo. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu achana nayo, maana mafuta haya yananyonya unyevu. Kwa viwango, DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Kwenye miteremko kama ya kwetu diski inapata moto, na mafuta yakichemka ndani yanatoa mvuke. Breki inakuwa laini vilevile.

Jioni tulikula ugali wa mtama kwa mama, nikamwomba mdogo wangu radhi mbele yake. Mkataba tumeubadilisha: kila mwezi hesabu ya siku mbili ni ya matengenezo, na akisema chombo ni kibovu kinalala. Shoga yangu anasema nimeharibiwa na huruma. Sawa. Breki yetu ilitoa taarifa wiki nyingi kabla ya ng'ombe wale, na aliyeisikia alikuwa yule mwenye mkono juu yake. Mimi nilikuwa Mwanza nahesabu elfu 8.

Haya, wenye vyombo barabarani, semeni ukweli hapo chini: dereva wako akikwambia breki mbovu, huwa unajibu nini?