Pua ya Kuazima

Kiswahili kimeweka silabi moja tu baina ya kunuka na kunukia, na mtoto wa Unguja huijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma. Nguo iliyofukizwa hunukia. Dagaa waliosahauliwa kikapuni hunuka. Lakini yule bwana wa Kiunguja anayeishi Leicester, katikati ya Uingereza, alipolinunua gari lake la matembezi katika majira ya machipuko ya mwaka 2023, silabi hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza maana kwake. Aliugua UVIKO-19 mwezi Desemba 2020, akalala siku kumi na moja, akainuka mzima. Pua yake haikuinuka naye.

Gari lenyewe lilikuwa la aina ile wanayoipenda sana Wazungu wakati wa mapumziko: mbele usukani kama wa gari la mizigo, nyuma nyumba nzima yenye vitanda vinne, jiko la gesi, friji, karo la kuoshea vyombo, na chumba cha choo na bafu ambacho mtu mnene hukiingia kwa ubavu. Lilikuwa na umri wa miaka 17 na bei yake ilikuwa nafuu mno. Penye kioo cha mbele palining'inia vibao vitano vya manukato, na ndani ya kila kabati kulikuwa na kikopo cha marashi. Mwenye pua angejiuliza kulikoni. Yeye alidhani aliyemuuzia ni mtu nadhifu.

Wanawe walilipanda mara moja, safari ya saa tatu, wakashuka na kuapa kuwa hawalipandi tena. Mkewe, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akimnusia maziwa kama yamechacha na kumwambia shati gani lifuliwe, alisema neno moja: "Linanuka."

"Linanuka nini?"

"Linanuka tu."

Watu humwonea huruma kipofu, na kiziwi hupaziwa sauti. Asiyenusa hupewa utani. Hakuna anayemwona anapooga mara tatu kwa siku kwa kuwa hajiamini, wala anaposogea nyuma msikitini ili asimuudhi jirani yake kwa jasho ambalo pengine hata halipo. Bwana huyu aliwahi kuunguza sufuria ya wali naye amesimama kando yake, akichezea simu, mpaka mtoto akaja mbio kutoka ghorofani. Hospitali walimpa zoezi ambalo limeenea siku hizi kwa wenye maradhi hayo: vichupa vinne, asubuhi na jioni, kila kimoja kinuswe kwa utulivu huku akijitahidi kukumbuka harufu yake. Harufu nne hizo ni waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Karafuu! Mtu aliyezaliwa Zanzibar, ambaye utotoni alitembea juu ya majamvi yake, ameketi Leicester akinusa kichupa cha karafuu na hapati kitu. Baada ya miezi kadhaa alianza kupata kitu, nacho kilikuwa kama mpira unaoungua.

Mama yake alikuja kumtembelea kiangazi hicho. Ni bibi aliyepita miaka sabini, mzaliwa wa Malindi karibu na bandari ya majahazi, na baba yake alikuwa nahodha. Katika mizigo yake mlikuwa na udi, chetezo kidogo cha udongo kilichofungwa kwa kanga mbili, na mfuko wa karafuu za Pemba. Mwanawe alifurahi kuliona lile chetezo. Alimwomba alifukize gari, ili mkewe na watoto wakubali kwenda naye pwani.

"Udi hautiwi juu ya uchafu, mwanangu," alimjibu. "Utapata uvundo wenye udi."

Akaamuru vibao na vikopo vyote vitolewe. Gari likaachwa wazi mchana kutwa, kisha likafungwa usiku mmoja bila ya kupikwa chochote ndani yake. Alfajiri, baada ya kusali, alijitanda kanga yake, akafungua mlango, akavuta pumzi mbili fupi, akatoka. Akakaa nje kidogo, akaingia tena. Bibi huyu hakusoma sayansi, lakini alichokifanya kina sababu yake: pua huchoka upesi, na harufu iliyoizoea kwa dakika chache huacha kuipeleka habari. Ndiyo maana mwenye nyumba ni wa mwisho kujua kuwa nyumba yake inanuka. Baba yake, alieleza, alikuwa akinusa ngama ya jahazi wakati huohuo wa alfajiri, kabla mabaharia hawajawasha moto na kabla ya pua yenyewe kuamka ikazoea.

"Si harufu moja hii," alisema. "Ziko tatu, zinagombana. Ya choo naijua. Ya koga naijua. Hiyo ya tatu imejificha."

Walianza na ile aliyoijua. Mwana aliziba matundu yote ya kutolea maji kwa vitambaa vilivyoloweshwa, kisha akafungua moja moja, mama akinusa. Tundu la karo halikuwa na neno. Tundu la bafu lilimrudisha nyuma hatua mbili. Chini ya tundu kama hilo bomba hupindwa mfano wa kiwiko, na maji yanayobaki katika kile kipindo ndiyo kizibo: huruhusu majitaka kuteremka na kuzuia hewa ya tangini isipande. Katika nchi za baridi mwenye gari huyaondoa maji yote kabla ya kipupwe, yasije yakaganda na kupasua mabomba. Aliyeuza alifanya hivyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeoga humo; kiwiko kilikuwa kikavu. Dawa yake ilikuwa jagi moja la maji. Jagi moja, kwa jambo lililowagawa watu wa nyumba moja kwa miezi miwili!

Lakini tangi lenyewe nalo lilihitaji kuoshwa, kwani mafuta ya vyombo hugandamana kwenye kuta zake na vijidudu visivyohitaji hewa huyala na kutoa ile hewa ya mayai viza. Mkono haufiki humo. Mama aliuliza kama Uingereza kuna magadi. Yapo, huuzwa madukani kwa kufulia. Wakayayeyusha katika maji ya moto, wakajaza tangi nusu, kisha mwana akaliendesha gari kuuzunguka mji, akifunga breki na kuachia ili maji yapige kuta. Wajukuu walikataa kuwafuata. Bibi alikaa mbele, mkono mmoja umeshika kishikio juu ya mlango, akihesabu mawimbi. Walimwaga mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, wakarudia mara mbili. Mpira wa mlango wa choo, uliokuwa umekauka na kufanya nyufa, ulibadilishwa kwa nusu saa.

Koga iliwachukua karibu mwezi mzima. Mama aliifuata mpaka chini ya kitanda cha nyuma, akaibonyeza plaiwudi kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama katika mkate uliolowa. Mwana alidhani maji yanatoka sakafuni. "Tazama juu," alimwambia. Nyumba za mawe za Malindi zilimfundisha kuwa dari huvuja penginepo na doa likatokea pengine: maji huifuata boriti, hutembea, huchagua pa kushukia. Maji haya yalikuwa yakiingia penye kona ya dirisha la juu, ambako gundi ya kuzibia ilikuwa imepasuka, yakateremka ndani ya ukuta pasipo kuonekana. Ikabidi dirisha ling'olewe, gundi kuukuu ikwanguliwe, mbao zilizooza zitolewe, feni ipulize siku na siku mpaka mifupa ya ukuta ikauke, ndipo pazibwe upya. Hii ndiyo kazi ambayo vibao vitano vya manukato vilikuwa vikimwepusha nayo aliyeuza. Mtu anaweza kumlaumu. Hata hivyo, kung'oa ukuta wa kitu unachokipenda si kazi nyepesi, na wengi wetu tungeanza na marashi.

Siku waliyomaliza, mwana alitaka kumpikia mama yake chai humohumo garini, chai ya kwanza. Alifungua koki ya mtungi, akajaza birika, akachukua kiberiti. Mama alikuwa ameinama kuokota tasbihi iliyomponyoka karibu na kabati la chini.

"Usiwashe!"

Alisimama na kijiti mkononi. Hakusikia chochote puani, na hilo ndilo lililomtetemesha baadaye. Mama alikuwa na mtungi wake nyumbani na harufu ile haikuwa ngeni kwake: kama kitunguu thomu kilichooza. Ilikuwa imelala sakafuni muda wote huo ikifunikwa na nyingine mbili, na sasa zilipoondoka ikabaki peke yake. Walifunga koki, wakafungua milango yote, hawakugusa swichi, wakatoka.

Gesi ya mtungi kwa asili yake haina harufu. Uvundo ule hutiwa makusudi, nao ni wa jamii ya salfa, ndugu wa mayai viza, kwa sababu pua ya binadamu huutambua ukiwa mdogo sana. Mwezi Machi 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya sakafu ya shule, ikalipuka na kuua takriban watu 300, wengi wao watoto. Baada ya msiba huo sheria ya huko ikalazimisha gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea. Basi uvundo huu ni mlinzi aliyeajiriwa. Kwa bwana yule wa Leicester mlinzi alikuwa akipiga kelele kwenye nyumba ya kiziwi.

Fundi mwenye leseni ya gesi alipaka maji ya sabuni kwenye viungo, na povu likachemka pale mpira ulipoungana na bomba. Aliubadilisha. Akafunga kengele ya gesi chini, karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa. Na kengele nyingine kwa ajili ya monoksidi ya kaboni, ile sumu ya moto usiopata hewa ya kutosha, ambayo haina harufu kwa pua yoyote, hata ya binti wa nahodha.

Ndipo udi ukatiwa. Makaa yaliwashwa nje, chetezo kikaingizwa milango ikiwa wazi, na hakikufika katikati ya gari kabla kengele zote mbili hazijaanza kulia pamoja. Majirani walichungulia. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini. "Kumbe na hizi zina pua," bibi alisema, akatoka na chetezo chake kumalizia kazi kwenye mapazia yaliyoanikwa uani.

Mwezi Agosti walikwenda Whitby, wote sita. Ni bandari ya uvuvi kwenye Bahari ya Kaskazini, na gari liliegeshwa juu ya jabali ambako boti zilionekana zikiingia. Watoto walikuwa bado wamelala. Mama aliketi kwenye kiti cha mbele, akafungua dirisha. Mwana alikuwa kando yake, na kiganjani ameshika karafuu tatu kutoka kwenye ule mfuko, kama afanyavyo kila asubuhi.

"Nini, mama?"

"Vumba. Samaki wa leo, si wa jana."

"Na nini?"

"Mwani. Lakini si kama wa Paje, huu ni mkali zaidi. Na lami. Kuna boti inapakwa lami."

Aliinua kiganja, akanusa karafuu, akakishusha.

"Tena nini?"

"Ngoja," alimwambia, akatoa uso wake dirishani. "Ngoja upepo ugeuke."