Msiba Usio na Matanga

Mto Nyabugogo hutoka Ziwa Muhazi, hupita pembeni mwa kelele za stendi ya mabasi ya Kigali, kisha hujitupa Nyabarongo. Nyabarongo hatimaye huwa Akagera, Akagera huingia Ziwa Viktoria, na pale Jinja maji huanza safari ndefu ya Nile hadi Bahari ya Mediterania. Ndivyo isemavyo ramani. Lakini maji mengi hayafiki. Jua huyanywa ziwani, na vinamasi vya Sudd, huko Sudan Kusini, humeza karibu nusu ya mto unaopita humo. Je, tone linalopita hapa asubuhi hii litaiona bahari?

Moshi hauna haja ya mto. Basi la Kampala linapounguruma likitoka stendi, wapiga debe wakiita Musanze, Huye, Rusizi, wingu jeusi hubaki nyuma yake kitambo, kisha halionekani tena. Halionekani, lakini halijaisha. Hewa ya ukaa iliyomo huchanganyika na hewa ya dunia nzima, na takribani robo ya yote tunayoitoa wanadamu huishia baharini. Huko hukutana na maji ikawa tindikali.

Moshi wa Rwanda ni mdogo mno ukipimwa kando ya ule wa nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta. Nalijua hilo. Lakini bahari haiulizi moshi umetoka kwa nani.

Tangu viwanda vianze, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1. Sehemu moja ya kumi tu. Hata hivyo hesabu ya kipimo hicho ni ya logariti, na sehemu hiyo ndogo maana yake ni tindikali iliyoongezeka kwa karibu asilimia 30. Ni jambo gani hili, kwamba mabadiliko makubwa kiasi hicho yanaweza kuandikwa kwa tarakimu ndogo namna hiyo?

Tindikali hiyo hunipeleka kwa matumbawe. Anayesema matumbawe kwa Kiswahili huona Mafia, huona Unguja na Lamu, kuta za mawe na chokaa, maji ya kijani yaliyojaa jua. Ninaowawaza mimi hawajawahi kuliona jua. Ni matumbawe ya maji baridi, Lophelia, yanayoishi katika giza, yakinasa kwa minyiri yao chembe za chakula zinazopita. Mbele ya visiwa vya Røst, nchini Norway, mwamba wao uligunduliwa mwaka 2002: urefu wake karibu kilomita 40, na kina chake mita 300 hadi 400. Miamba ya huko ilianza kujengwa baada ya barafu kuu kuyeyuka, maelfu ya miaka iliyopita. Wakati wote huo ilikuwapo, na hapakuwa na jicho la kuishuhudia.

Uzazi wao ni wa kuachilia. Kuna makoloni ya kike na makoloni ya kiume, na hakuna linaloweza kulifuata jingine. Katika bahari za Norway, kati ya Januari na Machi, jike huachia mayai na dume mbegu, na mkondo wa maji ndio huamua nani akutane na nani. Kiluwiluwi kikitokea huogelea kwa majuma, kikitafuta mahali pagumu pa kushika. Mara nyingi mahali hapo ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa. Mwamba ulio hai ni ngozi nyembamba juu ya waliotangulia.

Na tindikali huanzia kwa hao. Tumbawe hai lina nyama inayokifunika kiunzi chake. Mfu hana cha kumfunika. Chokaa yake huliwa taratibu, ikatoboka, ikawa tete kama mifupa ya ajuza, mpaka siku inaposhindwa kuwabeba walio juu yake. Wanaobaki hai nao hulipa. Kila punje ya chokaa sasa hudai nguvu zaidi. Chakula kilichokwenda kwenye ukuta kitarudi lini kuwa yai?

Hapo ndipo fikra yangu hukwama. Kifo nakielewa, au nadhani nakielewa. Lakini kutozaliwa? Tumbawe limesimama, minyiri imechanua, kamera ya watafiti inashuka na kulikuta zima kabisa. Kilichopotea hakina mwili. Tunamlilia nani pasipo maiti, pasipo jina, pasipo hata mtu wa kuleta habari?

Nayawaza haya kando ya mto nisioweza kuutazama kwa wepesi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Nyabarongo na Akagera zilibeba watu hadi Ziwa Viktoria, na wakazi wa ufuko wa Uganda wakawaopoa na kuwazika. Huko Kasensero pana makaburi yao. Wale walikuwa watu, na msiba wao hauwekwi kwenye mizani na kitu chochote cha baharini. Nautaja kwa sababu nchi hii imejifunza, kwa gharama isiyosemeka, kwamba aliyepotea hutafutwa na kupewa mahali pake. Kwa matumbawe siombi heshima hiyo. Nauliza tu: palipo na upotevu usio na kaburi la aina yoyote, moyo uende wapi?

Oktoba 2016 mataifa yalikutana hapa Kigali yakakubaliana kupunguza hewa za majokofu na viyoyozi zinazoipasha dunia joto. Yalikuwa makubaliano mema, na jina la mji huu limebaki ndani yake. Ila hewa zile sizo zinazoitia bahari tindikali. Hiyo ni kazi ya hewa ya ukaa: ya injini, ya saruji, ya misitu iliyochomwa. Mwaka 2006 wanasayansi walikadiria kwamba ifikapo mwisho wa karne hii, karibu asilimia 70 ya mahali panapojulikana kuwa na miamba ya maji baridi huenda pakawa katika maji yanayoila chokaa. Tindikali hiyo haitaondoka nasi. Bahari huhitaji maelfu ya miaka kujitibu, kwa chokaa yake yenyewe iliyolala sakafuni.

Maabarani, viluwiluwi vya Lophelia vimewahi kuishi hadi mwaka mzima. Mwaka mzima bila baba wala mama, vikiogelea. Vilikuwa vinangoja nini? Na kama vilipewa uvumilivu huo kwa ajili ya bahari pana yenye mifupa mingi ya kutua, utavifaa nini katika bahari ambayo mifupa imekwisha?