Bukoba kwa Pembe Zote: Wikiendi ya Wawili na Kamera Moja

Umechoka na picha zile zile za kusimama mbele ya mnara, mikono kiunoni, tabasamu la meno yote? Wewe na mwenzi wako mnaweza kujaribu mchezo mwingine: nendeni Bukoba mkawinde maumbo. Duara, pembetatu, mistari sambamba, yale yale yaliyotutoa jasho kwenye hesabu za sekondari. Safari hii hakuna mtihani, kuna raha tu.

Mimi na mume wangu tulikwenda na kamera moja na simu mbili. Sheria ilikuwa rahisi: kila mmoja apige kitu kile kile kwa pembe yake, jioni tulinganishe. Usicheke. Unaweza kuishi na mtu miaka sita usijue kwamba yeye huangalia juu wakati wewe unaangalia chini.

Mwanga kwanza, mengine baadaye

Bukoba iko kilomita 150 hivi kusini mwa ikweta. Maana yake, saa sita mchana jua linakaa karibu na utosi na vivuli vinakuwa vifupi kama sentensi za mtu aliyenuna. Maumbo yanataka kivuli. Kwa hiyo amkeni mapema. Mji umeelekea mashariki, na jua linachomoza upande wa Ziwa Victoria. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi kila mtumbwi ufukweni una pacha wake mweusi mchangani. Kisiwa cha Musila nacho kinakaa mbele yako, kimeukata mstari wa maji.

Mvua? Kagera ina mvua nyingi kuliko mikoa mingi nchini. Msinune. Mawingu yanalainisha mwanga, na dimbwi la barabarani ni kioo cha bure.

Ziwa, miamba na migongo

Kando ya ziwa kuna majabali ya mawe mchanga yaliyopangana matabaka kwa matabaka kama vitabu rafuni. Wanajiolojia wameyapa miamba ya aina hii jina la Bukoba. Mistari ya ulalo hiyo, tayari imechorwa.

Kisha pandeni gari kwenda Muleba. Nchi ya Wahaya ni migongo mirefu iliyolala sambamba na ziwa, kati yake mabonde yenye maji. Ukisimama juu unaona mistari mitatu, minne, kila mmoja na kijani chake. Shukeni mkaingie kwenye kibanja. Jani la mgomba dhidi ya jua lina uti mmoja katikati na mishipa mamia inayokimbia sambamba kwenda pembeni. Chini yake kuna mibuni, na nyumbani kahawa imeanikwa juani. Mume wangu alipiga mkeka mzima. Mimi nilipiga kona moja tu, pale buni nyekundu zilipokutana na nyeusi. Mnaona tofauti?

Pia iliyosukwa

Mfalme wa maumbo huku ni msonge, nyumba ya jadi ya Kihaya. Ni pia kamili, nyasi kuanzia kilele hadi ardhini. Kwa nje ni pembetatu. Ingia ndani, lala chali katikati na uelekeze lenzi juu: matete yamefungwa duara ndani ya duara, yakipungua hadi kilele. Hakuna aliyeshika bikari hapo. Ni macho na mikono ya mafundi. Siku hizi watu wanajenga kwa tofali na bati, na misonge imebaki michache. Ukiukuta, omba ruhusa, salimia vizuri, halafu ndiyo utoe kamera.

Mstari ambao hatukuutafuta

Hamugembe, pale pale mjini, tulimtembelea shangazi yake mume wangu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu zaidi ya 15 na kuvunja nyumba nyingi. Ya shangazi haikuanguka. Ilibaki na ufa, kutoka kona ya dirisha hadi chini, mshazari kabisa. Kona za madirisha na milango ndiko ukuta unakoelemewa zaidi ukitikiswa, ndiyo maana nyufa nyingi huanzia hapo. Sasa familia imeamua: chumba kile kinabomolewa.

Kama umbo, ule ufa ulikuwa mstari mzuri kuliko yote tuliyoona. Mume wangu akaishusha kamera. "Hiki siyo cha kuchezea," akaninong'oneza. Alizaliwa kwenye chumba kile. Mimi niliona upande wa pili: kisipopigwa leo, kesho hakipo. Tukabaki tunatazamana.

Shangazi ndiye aliyeamua. Alivuta kigoda, akakaa chini ya dirisha, ufa ukimpita juu ya bega. "Pigeni, wanangu. Wajukuu wajue tulilala wapi."

Mume wangu akapiga. Mara moja tu. Jioni ile hatukulinganisha picha. Alinisimulia habari za chumba kile mpaka usiku wa manane, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia.

Kabla hamjafunga begi

• Washeni gridi kwenye simu. Inagawa picha vyumba tisa. Kiwekeni kitu chenu pale mistari inapokutana, siyo katikati kila mara.
• Chuchumaeni, pandeni, laleni. Hatua mbili kushoto zinabadilisha umbo zima.
• Tafuteni umbo moja kwa siku. Leo duara tu, kesho pembetatu.
• Mtu akiwa ndani ya picha, mwombeni kwanza. Akikataa, asanteni na mpite.
• Chapisheni picha moja karatasini, mumpelekee aliyewakaribisha. Ya shangazi tumeshaituma, ndani ya fremu.