Steki Niliyoiandika Kabla ya Kuila

Maneno yenyewe yalisema hivi: steki ya fileti, gramu 300, laini hadi inayeyuka mdomoni, imechomwa kwa subira huku upepo wa bahari ukikupepea. Niliyaandika mimi, kwa Kiingereza, nikiwa kitandani Kisauni saa saba usiku na simu imebaki chaji asilimia tisa. Sikuwa nimewahi kula steki ya hoteli maishani mwangu. Meneja alinitumia picha nane kwa WhatsApp, nikamwandikia sahani nane, akanilipa shilingi 1,500 kwa kila moja. Juu yake akaniongezea vocha: chakula cha mchana cha watu wawili, chagua chochote kwenye menyu.

Marafiki walipiga kambi kwenye simu yangu wiki nzima. Kila msee alikuwa ndugu yangu ghafla. Lakini mimi nilishaamua nitaenda na nani. Nitaenda na baba.

Baba ana bucha Kongowea. Ni chumba kimoja, kigogo cha kukatia, misumari ya kutundikia na mizani ambayo ni ya zamani kuniliko. Karo yangu yote ilitoka kwenye hiyo mizani, kilo kwa kilo, hadi mwaka wa tatu nilipoacha chuo. Sitaki kupamba: pesa zilikuwa zinakuja kwa shida, ndiyo, lakini pia nilikuwa nimeanza kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo, na usiku ule ule wa kutafutia watu wengine digrii ukanila digrii yangu. Nilipomwambia baba, alisema tu, "Haya." Miaka miwili sasa hatujaligusa tena. Anapoulizwa na wateja mwanawe afanya kazi gani, hujibu, "Yuko na kompyuta."

Kwa hivyo ile vocha kwangu haikuwa chakula. Ilikuwa cheti.

Siku ya Jumanne alifunga bucha saa sita. Alivaa shati la Idd. Tukapanda tuktuk hadi Nyali, tukaketishwa meza ya mbele kabisa, bahari pale, maji yamejaa, meza ina vitambaa vyeupe. Nikamfungulia menyu, nikamwekea kidole kwenye mstari wangu.

"Baba, hii nimeandika mimi."

Akatoa miwani mfukoni. Alisoma taratibu, midomo ikitembea. Akarudia. Kisha akanitazama na nikaona kitu usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ya barua ya kuitwa chuoni. "Hivi vyote ni wewe?"

"Zote nane."

Tukaagiza steki mbili. Kando ya mstari wangu paliandikwa 2,800. Baba akauliza kama ni bei ya kilo.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwenye bucha zetu, steki ni nyama isiyo na mfupa, basi. Mteja anasema "nipimie nusu, steki" au "nipimie na mifupa," na hakuna anayewazia mishumaa. Kile ambacho hoteli huita fileti, baba hukiita sarara, kipande chembamba kinacholala chini ya uti wa mgongo. Ng'ombe hakitumii sana kile kipande kwa kutembea, ndiyo maana huwa laini. Kwa ng'ombe mzima ni kidogo mno, na baba huwawekea wateja wawili watatu wanaojua kukiulizia.

Sahani zikaja. Nyama ilikuwa ya kijivu, imezingirwa na mchuzi mweusi na jani moja. Nikakata. Kisu kikateleza. Nikakata tena kwa nguvu na meza ikatikisika hadi maji yakamwagika. Nikatafuna, nikatafuna, nikaanza kuhesabu. Nilifika thelathini nikameza kwa lazima.

Baba alisema bismillahi, akala kipande kimoja, akaweka kisu chini. Akakigeuza kipande kilichobaki kwa uma, akakichungulia upande wa nyuzi, vile hufanya akiletewa nyama asubuhi.

"Hii si sarara," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni paja. Tena wameikata kufuata nyuzi, badala ya kuzikata nyuzi. Na haikuchomwa, imechemka kwa maji yake. Sufuria haikuwa na moto." Akaiinua sahani kidogo, akaipima mkononi. "Na gramu mia tatu haikufika. Hata ukitoa iliyokauka jikoni, haikufika."

Nilicheka ili tucheke wote. Hakucheka.

"Ulipoandika yayeyuka," akauliza, "ulikuwa umeila?"

"La, baba. Walinitumia picha."

"Picha."

"Ndivyo kazi ilivyo. Wote huandika hivyo."

Akanyamaza. Kisha akaichukua tena kisu na uma akaendelea kula, kipande kwa kipande, kwa sababu baba hatupi nyama. Ilimchukua karibu nusu saa. Ningependa angenifokea. Mwanamume ambaye angeweza miaka yote hiyo kuegemeza kidole kwenye mizani, na hakuegemeza, alikuwa anatafuna mbele yangu karo aliyonilipia.

Mhudumu alikuja, kijana wa rika langu. "Chakula kilikuwaje, mzee?"

Baba akanitazama mimi. Nikajua nikisema "kitamu" ataniacha niseme, na hatalitaja tena maishani, kama chuo.

"Ilikuwa ngumu," nikasema. "Na si fileti."

Yule kijana aliangalia nyuma kidogo, kisha akatuinamia. "Najua, bro. Wengi husema."

Usiku huo nilimwandikia meneja kwamba sahani nyingine sita alizotaka, nitaziandika nikishazionja, na ule mstari wa steki ubadilishwe au ufutwe. Alijibu kwa kidole gumba. Wiki iliyofuata kazi ilikuwa kwa mtu mwingine. Shilingi 9,000 zikaenda hivyo, na kodi yangu ilikuwa 6,500. Sitawadanganya kwamba sikujuta. Nilijuta hadi tarehe tano.

Mstari wangu bado uko kwenye menyu yao, nimeangalia.

Mwezi jana baba aliniita bucha. Kibao chake cha bei kilikuwa kimefutika kwa mvua, akanipa rangi na brashi. "Wewe ndiwe mwandishi," akasema, bila kucheka. Nikaandika STEKI na bei, chini yake NA MIFUPA na bei. Nafasi ilibaki, nikaongeza neno MPYA.

Akatoka nje akiwa na kisu mkononi, akasoma, midomo ikitembea.

"Futa hilo la mwisho."

"Kwani si mpya? Si imeingia alfajiri?"

"Leo ni mpya. Kesho ikibaki, je? Kibao kitakuwa hapo hapo."

Nikalifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Akanipimia nusu kilo, steki, akasubiri mshale utulie kabisa ndipo akafunga.